Kukaa Karibu na Mungu, na Matunda Yake



Neno hili «matunda» twalisikia mara nyingi kanisani. Padri hulisema katika mahubiri, nasi makatekista hulitamka katika mafundisho, lakini ni wachache waulizao maana yake. Je, Mkristo azaaye matunda ni nani? Ni yule aimbaye kwa sauti kuu? Ni yule avaaye rozari shingoni? Au ni yule ambaye shamba lake limestawi, na watoto wake hawakuugua mwaka huu? Wengi hufikiri hivyo. Kwa hiyo, mateso yakiwafikia, husema kwamba Mungu amekwenda mbali nao.

Bwana Yesu, usiku ule wa kuamkia mateso yake, aliwaeleza mitume jambo hili kwa mfano wa mzabibu na matawi yake. Sisi huku hatulimi mizabibu. Basi tutazame maharagwe yapandayo juu ya miti, ambayo kila mama wa milima ya Masisi anayajua. Mama anapalia, jembe linateleza, linakata shina moja chini kabisa, karibu na udongo. Je, majani ya juu yananyauka saa ile ile? Hapana. Mpita njia hawezi kutambua neno lolote, kwa maana majani bado ni mabichi, nayo yameuzunguka mti wake sawa na ya wenzake. Jua likipanda ndipo yanapolegea. Siku chache baadaye yamekauka, na maganda machanga yaliyokuwa yakianza kujaa hayatapata punje tena.

Hivyo ndivyo ilivyo roho iliyoacha kusali. Mtu huyo bado anaitwa kwa jina lake la ubatizo, bado anakaa mahali pake kanisani, pengine ni mjumbe wa shirika lake. Ubichi ule ni wa jana. Siku ya jaribu ikifika, iwe ni fedha, au hasira, au hofu ya wenye silaha, yeye mwenyewe atashangaa jinsi alivyokauka upesi.

Kile kinachopanda kutoka shinani, sisi Wakristo twakiita neema, yaani uzima wa Mungu mwenyewe ndani yetu. Twaupata kwa ubatizo. Dhambi ya mauti huukata. Sala, Neno la Mungu na Sakramenti huutunza na kuukuza. Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha chama cha Mapadri Weupe mwaka 1868, aliagiza kwamba anayetaka ubatizo aandaliwe muda wa miaka minne. Watu hawakungojeshwa kwa sababu maneno ya katekisimu ni mengi; mwenye akili nyepesi huweza kuyakariri kwa mwaka mmoja. Walingojeshwa ili waonekane kama wanaweza kudumu. Kwa maoni yetu, agizo lile lilikuwa na hekima kubwa. Kukaa karibu na Mungu ni kudumu, na kudumu hakujulikani kwa siku moja.

Sasa tuyaseme matunda yenyewe. Mgomba hauli ndizi zake. Matunda ya Mkristo huliwa na wengine, na mara nyingi wale wanayoyala hawamjui aliyeyazaa.

Mtu wa kutufundisha neno hili hakutoka nchi ya mbali. Mwenye heri Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma tarehe 13 Juni 1981. Hakuwa padri wala bruda. Alisomea sheria, alikuwa na mchumba, alikuwa na kazi kama vijana wengine wenye elimu. Katika Jumuiya ya Sant'Egidio alisali pamoja na wenzake, akasoma Maandiko Matakatifu, akawahudumia watoto wa mitaani katika Shule ya Amani. Kazi yake ya serikali ilikuwa kukagua vyakula vinavyoingia kupitia mpakani. Mwaka 2007 watu walimletea fedha, ili auachilie mchele ulioharibika uende sokoni. Akauliza daktari kama chakula kile kingeweza kudhuru watu, akajibiwa kwamba ndiyo. Akakataa. Fedha zikaongezwa, akakataa tena. Tarehe 7 Julai akatekwa, akateswa, akauawa. Alikuwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025, mjini Roma, katika Basilika la Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta, Kanisa lilimtangaza kuwa mwenye heri na shahidi.

Tuangalie vizuri, ndugu zetu. Hakuna aliyemwambia Floribert amkane Kristo. Aliambiwa tu atie mhuri. Wangapi kati yetu wangeliona kwamba hapo pana jambo la imani? Mwingine angelisema: mshahara ni mdogo, wakubwa wote wanakula, na huo mchele ni wa watu nisiowajua. Floribert aliwaona watu wale asiowajua, kwa sababu kila siku mbele ya Mungu alikuwa amezoea kuwaona maskini. Tunda lake ni lipi? Ni mtoto fulani, pengine wa Goma, pengine wa Sake au wa Masisi huku juu, aliyekula chakula kizuri siku ile, akalala usiku bila kuumwa tumbo. Mtoto huyo, kama yu hai, leo ni mtu mzima, naye hajui.

Basi tusitafute matunda yetu mbinguni tu. Tuyatafute katika kopo la kupimia maharagwe sokoni, ambalo kitako chake kimegongwa hadi kikaingia ndani. Tuyatafute kwenye mzani wa mnunuzi wa mawe ya madini. Tuyatafute kwa mwamuzi wa kesi za mashamba, aliyeletewa mbuzi usiku.

Labda utasema: «Floribert alikaa mjini, karibu na makanisa. Sisi wa misitu ya Walikale humwona padri mara chache katika mwaka.» Neno hilo ni kweli, wala si dogo. Mwezi wa Januari 2025 vita vilifika Masisi-Centre, na mwezi wa Machi vikafika Walikale yenyewe. Jamaa nyingi zilikimbia, na Jumapili zikapita bila Misa.

Tumjibu kwa maisha ya mwenye heri Isidore Bakanja. Yeye alibatizwa tarehe 6 Mei 1906 katika nchi ya Ikweta, kisha akaenda kufanya kazi Ikili, mahali pasipokuwa na misioni. Alikuwa na rozari yake na skapulari ya Bikira Maria, basi. Kwa hivyo viwili alidumu, hata akawafundisha wafanyakazi wenzake kusali. Msimamizi Mzungu alichukia jambo hilo, akamwamuru avue skapulari, kisha akaamuru apigwe mjeledi hata mgongo wake ukawa kidonda kimoja. Aliugua miezi mingi. Mapadri walipomfikia, akapokea Sakramenti, akaahidi kumwombea aliyempiga. Alifariki tarehe 15 Agosti 1909. Mwaka 1994 Papa Yohane Paulo wa Pili akamtangaza mwenye heri. Kusamehe namna ile hakukuota siku ile ile ya mjeledi.

Basi, asiye na padri afanye nini? Kanisa halikumwacha bila njia. Mahali pasipo na Misa, Wakristo wakusanyike Jumapili pamoja na katekista kwa ibada ya Neno. Na mtu akiwa peke yake kabisa, asali nyumbani kwa muda wa kufaa. Asiyeweza kupokea Ekaristi aiombe kwa hamu: amwambie Bwana Yesu kwamba anamwamini, anampenda, anatamani kumpokea, naye aje rohoni mwake. Hiyo huitwa komunyo ya kiroho. Aliyeanguka katika dhambi ya mauti, na padri yuko mbali, asikae katika giza akingoja. Akijuta kwa sababu ya kumpenda Mungu aliyemkosea, tena akikusudia kwa kweli kwenda kuungama mara atakapoweza, Mungu humsamehe saa ile. Twasisitiza kusudi hilo la kuungama. Asiyelikusudia anajidanganya.

Tena kuna sala fupi za kila siku. Asubuhi na jioni, jamaa yote pamoja, hata kama ni Baba Yetu na Salamu Maria tatu tu kwa mwanga wa moto. Adhuhuri, «Malaika wa Bwana» shambani, kengele ya misioni ikilia; na kengele yetu mahali pengi ni chuma cha gurudumu la gari kilichotundikwa mtini, lakini Bikira Maria haoni haya kwa ajili ya hilo.

Watu hutuuliza pia: «Nasali kila siku, mbona moyoni sisikii kitu?» Mtakatifu Teresa wa Kalkuta alikaa miaka mingi sana bila kusikia utamu wowote katika sala, kama barua zake zilizochapwa mwaka 2007 zinavyoonyesha. Alidumu kusali, na maskini wa mji ule walikula matunda yake kila siku. Punje ya haragwe hujaa ndani ya ganda lake bila kelele.

Katika mkutano wa shirika juma hili, someni Injili ya Yohane, sura ya 15, kisha mjibu maswali haya. Ni nani kati yetu ambaye hajaonekana kwa majuma matatu, na nani atakwenda kumtazama? Ni nyumba zipi ambazo sala ya jioni imekoma, na sababu yake ni nini? Tena wale wanaouza sokoni walete makopo yao ya kupimia, yawekwe katikati, watu wote wayaone.