Isukuti: Ngoma ya Kakamega iliyopata makao Jogoo Road

Kwa miaka mingi, wakazi wa Kaloleni, Makongeni na Shauri Moyo, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, hawakuhitaji ratiba kujua kwamba AFC Leopards ilikuwa ikicheza. Mlio wa isukuti kutoka uwanja wa City, kando ya barabara ya Jogoo, uliwatosha.

Isukuti ni ngoma ya Waisukha na Waidakho, jamii mbili za Waluhya katika kaunti ya Kakamega. Hupigwa kwa ngoma tatu, yaani kubwa, ya wastani na ndogo, zikisindikizwa na pembe la swala na njuga za chuma. Kiongozi huanzisha wimbo, nao wanaume na wanawake, kila upande katika safu yake, huitikia huku wakitikisa mabega.

Kwa desturi, ngoma hiyo huchezwa mtoto anapozaliwa, wakati wa jando, harusini, mazishini na hata katika michezo. Wimbo huchaguliwa kulingana na tukio.

Waluhya waliohamia Nairobi kutafuta kazi walikuja nayo, na klabu ya Abaluhya United ilipoundwa mwaka 1964, mashabiki wakaifanya sauti ya timu yao. Mwaka 1980, serikali ya Rais Daniel arap Moi ilipoagiza vilabu viache majina ya kikabila, Abaluhya iligeuka AFC Leopards. Jina liliondoka, ngoma ikabaki.

Hata hivyo, kusikika uwanjani si thibitisho kwamba mila i salama. Novemba 2014, Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) liliiweka isukuti katika orodha ya turathi zinazohitaji kuokolewa kwa dharura. Sababu zilizotajwa ni kwamba wajuzi wengi ni wazee wasio na warithi, fedha na vifaa vya kutengenezea ala na mavazi ni haba, watunzi wamevutiwa na muziki wenye faida zaidi, na watazamaji hupendelea burudani za kisasa.

Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya mdundo na mila. Kijana aliyezaliwa Makongeni anaweza kuujua mdundo kwa kuusikia kila timu inapofunga bao. Lakini maneno ya wimbo wa mazishi, au namna ya kuchonga gogo na kuliwamba ngozi, ambayo zamani ilikuwa ya kenge, hayafunzwi na kelele za mashabiki. Hayo hupokewa kutoka kwa mzee anayeyajua, na kwa lugha yake.

Uwanja umeifanyia isukuti jambo moja kubwa: umewafanya watoto wa mjini waionee fahari badala ya kuionea haya. Kazi iliyosalia ni kuwakutanisha na wazee wanaoijua ngoma yote, kabla wazee hao hawajaondoka na nyimbo zao.