MTOTO MCHANGA ANA JIKO LAKE, TUSILIACHE LIZIMIKE



Mara nyingi tunaletewa hospitalini mtoto aliyezaliwa nyumbani au njiani, amefungwa kanga mbili na blanketi juu yake. Tukimgusa miguu, ni ya baridi. Bibi yake hushangaa: “Sista, mbona tumemfunika vizuri?”

Mtu mzima akisikia baridi hutetemeka, na misuli inayotetemeka hutoa joto. Mtoto mchanga hawezi kutetemeka hivyo. Badala yake huzaliwa na akiba ya mafuta ya pekee, yenye rangi ya kahawia, yaliyo kati ya mabega, shingoni na kuzunguka figo.

Ndani ya mafuta hayo mna majiko madogo mno yaitwayo mitokondria. Majiko haya yamo karibu katika chembe hai zote za mwili, nayo huchoma chakula kwa oksijeni. Nguvu inayopatikana husukuma chembechembe za hidrojeni upande mmoja wa utando wa ndani, kama maji yanavyojaa kwenye banio la mfereji. Zikirudi, huzungusha kinu kinachotengeneza nguvu ya kufanyia kazi za mwili.

Lakini katika mafuta ya kahawia, utando huo una protini iitwayo UCP1. Hii ni kama mlango wa pembeni. Mtoto akipatwa na baridi, ubongo hutuma habari kwa mishipa ya fahamu, mafuta huanza kuvunjwa, na mlango hufunguka. Chembechembe za hidrojeni hupita hapo bila kuzungusha kinu, na nguvu yake hugeuka joto. Damu hulisambaza mwilini.

Jiko hili lina gharama: linakula mafuta, sukari na oksijeni. Mtoto akikaa na baridi kwa muda mrefu, sukari hupungua katika damu, hulegea, hupumua kwa shida na hushindwa kunyonya. Anaweza kufa. Njiti yumo hatarini zaidi, kwa kuwa akiba hiyo hukusanywa hasa miezi ya mwisho ya mimba.

Na blanketi je? Blanketi halitoi joto, hutunza tu lililopo. Mtoto aliyefungwa akiwa bado amelowa hupoa humo humo ndani.

Basi tufanye hivi:

1. Mtoto akizaliwa tu, tumkaushe vizuri, na kichwa pia. Nguo iliyolowa tuiondoe.
2. Tumlaze kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, tumvike kofia, kisha tuwafunike wote wawili.
3. Anyonye ndani ya saa ya kwanza. Maziwa ndiyo kuni za jiko lake.
4. Tusimwogeshe kabla ya saa 24 kupita.
5. Akiwa wa baridi, mlegevu au hanyonyi, tumpeleke hospitali upesi, akiwa kifuani njia nzima.

Kuwalea njiti kifuani kulianza Bogotá, Kolombia, mwaka 1978. Mwaka 2021 ulitolewa utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania. Watoto wa kilo 1 hadi karibu kilo 1.8 waliowekwa kifuani mara baada ya kuzaliwa walikufa wachache kwa robo, kuliko wale waliosubiri kwanza hali zao zitulie.

Mama akichoka, baba naye ana kifua, na bibi pia. Tupokezane, ili akiba ndogo ya mtoto imsaidie kukua.