Rezistansi ya mu maji: chomoa kwanza, kisha safisha

Leo tuongee kitu kidogo chenye kinaweza kuua mtu mu nyumba: rezistansi ya kupasha maji ya samaki.

Huku Kalehe, hata ku kando ya Ziwa Kivu tuko karibu mita 1.460, na ku milima ni zaidi. Usiku maji ya akwariyomu ao ya beseni inapoa sana. Mayai ya kambale, ku digrii 27 ao 28, inapasuka karibu kisha siku moja. Ku digrii 20 inaweza kupita siku mbili, na kuvu inapata wakati wa kuyaharibu. Njo maana wenye kuzalisha watoto wa samaki wanatia rezistansi.

Ni nini iko ndani? Ni waya yenye inapata moto ndani ya bomba ya kioo. Maji njo inabeba ule moto. Ukitoa nusu ya maji ili usafishe, sehemu yenye imebaki inje haina tena kitu cha kuipoza, inakuwa moto sana kwa dakika chache. Ukimwanga maji ya baridi juu yake, kioo inaweza kupasuka. Hapo umeme wa volti 220 unagusa maji, na mikono yako iko mule.

Wengine wanasema: « Taa yake imezimika, haina umeme. » Hapana! Taa imezimika juu termostati imeona joto inatosha. Maji ikipoa, inawaka yenyewe. Na hata ikiwa imezimika, waya moja inaweza kuwa bado na umeme.

Sisi tuko na hatari ingine: delestaji. Umeme ukikatika, mtu anasema hii njo saa mzuri ya kusafisha. Anaacha prizi palepale, anatoa maji, anaingiza mikono. Lakini umeme haupige hodi wakati wa kurudi. Kukatika kwa umeme si kuchomoa.

Tena usitegemee dijonkteri ya kawaida. Ile ya ampere 16 inalinda waya za nyumba zisiungue, haikulinde wewe: hata chini ya ampere 0,1 inaweza kusimamisha moyo wa mtu. Yenye inalinda mtu ni dijonkteri diferansiyeli ya miliampere 30, juu inakata mara moja umeme ukianza kutoroka. Kama hauna, ulinzi wako wa kwanza ni kuchomoa.

Basi, tufuate hivi:

1. Mikono mikavu, chomoa prizi. Prizi yenyewe, si kuzima tu ku swichi.
2. Ungoja dakika 15 mpaka 30, rezistansi ipoe ingali mu maji.
3. Kisha toa maji na usafishe. Angalia kioo: ikiwa na ufa, ao maji imeingia ndani, tupa. Usifunge na skochi.
4. Jaza maji mpaka ipite alama yenye iko ku rezistansi. Ungoja tena kidogo, panguza mikono, njo urudishe prizi.
5. Waya ishuke chini ya prizi mbele ya kupanda, ili matone yaanguke chini, yasiingie mu prizi.

Na kama ni mtoto njo unatuma kubadilisha maji, chomoa wewe mwenyewe mbele ya kumutuma.

Wale hawafuge samaki wasiseme haiwaangalie. Termoplonjeri ya kupashia maji ya kuoga mu ndoo iko na sheria ile ile: iingie mu maji mbele ya prizi, prizi itoke mbele ya mkono kugusa maji. Usijaribu na kidole kama maji imepata moto.

Watoto wa samaki wakikufa, tutazalisha wengine. Mtu, hapana. Mupatie na wenzenu wasome.