Jina Moja, Mimea Miwili

Karoti, giligilani na shamari ni ndugu wa ukoo mmoja. Maua yao madogo hukaa pamoja kama mwavuli. Lakini katika ukoo huo wamo wauaji pia.

Huko Uingereza, mahali pa majimaji, huota mmea wenye mizizi minene. Watu huuita “Vidole vya Maiti”, na kweli mizizi hiyo huua. Heri majina yote yangeonya hivyo! “Lesi ya Malkia Anne” ni jina zuri la maua meupe. Lakini Waingereza huita hivyo mmea mmoja wa kando ya njia, na Wamarekani huita hivyo karoti-mwitu. Tena yote miwili yafanana na hemloki, sumu aliyonyweshwa Socrates, mwenye hekima wa Ugiriki, mwaka 399 kabla ya Kristo.

Basi, mtu atatambuaje? Bua la karoti-mwitu lina vinyweleo, na mzizi wake hunukia karoti. Bua la hemloki ni laini, lina madoa ya zambarau, na harufu yake ni kama ya panya.

Wazazi, wafundisheni watoto: jina peke yake halitoshi. Mmea usioujua kwa hakika, usiutie kinywani.