Wakimfufua Uhura, Atasema Lugha Gani?

Mnamo mwaka 2025 ilitangazwa kwamba Star Trek: Strange New Worlds, mfululizo wa runinga unaosimulia safari za chombo cha anga kiitwacho Enterprise, utafikia kikomo katika msimu wa tano, tena msimu wenye vipindi 6 tu. Haukupita muda kabla ya mashabiki kuanza kuulizana iwapo watengenezaji watapiga hatua moja zaidi na kuufufua ule mfululizo wa kale wa Kapteni Kirk, uliorushwa hewani huko Marekani kati ya 1966 na 1969. Wapo wanaotamani ufufuliwe hata leo. Wapo pia wanaosihi kwamba mfu aachwe apumzike, kwani kila afufuliwaye hurudi akiwa na sura ya kigeni.

Mwalimu wa Kiswahili au mwanafunzi wa kidato cha tatu ana haki ya kuuliza: ya Enterprise yatuhusu nini sisi tusiokuwa ndani? Yanatuhusu kwa sababu ya mwanamke mmoja aliyeketi nyuma ya kapteni, akishughulikia mawasiliano, ambaye jina lake limechotwa katika lugha yetu. Mashabiki wanapogombana juu ya umbo la chombo na rangi za sare, sisi tuna jambo letu la kudai.

Hofu ya mashabiki, tuseme kweli, si ya leo. Mwaka 1968 walimiminia kampuni ya utangazaji barua chungu nzima ili mfululizo usikatizwe, wakapata msimu mmoja zaidi, kisha ukakatizwa vivyo hivyo baada ya vipindi 79. Mwaka 1976 barua zao zilisababisha chombo cha kwanza cha aina ya shatili cha Marekani kupewa jina Enterprise. Mfululizo mpya wenye kapteni mwingine ulipoanza mwaka 1987, wengi waliudharau kabla ya kuutazama. Leo huo nao unaitwa wa kale, nao una watetezi wake wanaonuna ukiguswa.

Turudi kwa mwanamke wetu. Mwigizaji Nichelle Nichols alieleza mara nyingi kwamba alipokwenda kufanyiwa majaribio alikuwa na riwaya ya Mmarekani Robert Ruark iitwayo Uhuru, iliyochapishwa 1962 na inayohusu Kenya. Mtunzi wa mfululizo, Gene Roddenberry, alilipenda neno hilo lakini akaona mwisho wake ni mgumu kwa jina la mwanamke, basi akaibadili irabu. Hivyo ndivyo alivyozaliwa Uhura.

Hapa mtaalamu wa isimu hawezi kunyamaza. Neno uhuru lina shina lenye asili ya Kiarabu, nalo limevishwa kiambishi u- cha nomino za dhahania, kama utu na uzuri. Irabu ya mwisho katika nomino zetu haibainishi jinsia: hatuna uhuru wa kiume na uhura wa kike. Mwanafunzi akiandika “uhura” katika insha atazungushiwa kalamu nyekundu. Roddenberry alilitia neno la Kibantu sarufi ya Kilatini, akadhani amelipamba. Hata hivyo mimi simlaumu sana. Mwaka 1966 Kenya ilikuwa na umri wa miaka mitatu tu tangu uhuru wenyewe, na weusi wa Marekani walikuwa bado wanapigania haki zao barabarani. Kumweka mwanamke mweusi kwenye chombo cha karne ya 23, tena mwenye cheo na jina la Kiafrika, lilikuwa jambo zito. Nichols alisimulia kwamba alipotaka kuacha kazi baada ya msimu wa kwanza, Martin Luther King mwenyewe ndiye aliyemshawishi abaki.

Si jina tu. Katika kipindi cha kwanza kabisa kurushwa, tarehe 8 Septemba 1966, kiumbe kinachoishi kwa chumvi ya miili ya watu kinajigeuza mwanamume na kumsemesha Uhura kwa Kiswahili. Mwaka uliofuata, katika kipindi kingine, mtambo unafuta kumbukumbu zake zote. Anapofundishwa kusoma upya na Kiingereza kikamchosha, anaropoka Kiswahili. Matamshi yanachechemea, lakini wazo ni la mtu aliyejua kitu kuhusu lugha: binadamu akivuliwa yote, lugha ya kwanza ndiyo hubaki.

Anga halisi, kwa bahati njema, ilitutendea kwa uangalifu zaidi. Tarehe 12 Desemba 1970 Marekani ilirusha setilaiti kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa mahususi kwa uchunguzi wa eksirei zitokazo angani, nayo ilisaidia kuonyesha kwamba Cygnus X-1 huenda ni shimo jeusi. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya Kenya, iliitwa Uhuru, kwa irabu zake zote kamili.

Mashabiki wenyewe waliendelea kumjenga Uhura. Jina la kwanza, Nyota, lilianzia katika kitabu cha mwaka 1982 na likathibitishwa na filamu ya 2009. Strange New Worlds ilipoanza Mei 2022, miezi michache kabla ya Nichols kufariki tarehe 30 Julai, Uhura alikuwa msichana mwanafunzi, akiigizwa na Celia Rose Gooding. Sasa anatoka Kenya waziwazi, naye anasema lugha 37. Kwa maoni yangu, ufufuo huu ulimheshimu kuliko ule wa awali, maana ulimpa kwao.

Lakini kwao wapi? Swali hilo nililisikia Matinyani, katika Kitui, nilikoalikwa na chama cha Kiswahili cha shule moja ya sekondari. Niliwasimulia habari za Uhura, nikaruhusu maswali. Msichana mmoja wa kidato cha pili akasimama: “Mwalimu, huyo Nyota ni wa wapi hasa? Maana Kenya si kijiji.” Darasa likacheka. Mwenzake akadakia kwamba angekuwa wa Kitui angeitwa Ndata, kwa kuwa ndivyo nyota iitwavyo kwa Kikamba. Mabishano yakawaka. Wengine walisema afadhali Nyota, kwa sababu ni jina la wote. Wengine wakauliza ni nani aliyesema kwamba kufikia karne ya 23 Kikamba kitakuwa kimekufa.

Sijasoma mhakiki yeyote wa mfululizo huo aliyegusa mshipa kama huo. Mtoto wa Matinyani hutumia Kikamba nyumbani, Kiswahili sokoni na Kiingereza katika mtihani, na hilo kwake si ajabu ya anga. Mtu wa lugha 37 anapozaliwa Kenya, mtazamaji wa Chicago hustaajabia hesabu. Mtazamaji wa Matinyani hutaka kujua zile tatu za kwanza ni zipi na bibi yake alimsemesha kwa ipi.

Kuna wenzangu wanaodai kwamba tuache kufukuzia hadithi za wengine, tuandike zetu. Zipo tayari. Katama Mkangi alitupa Walenisi mwaka 1995, ambamo Dzombo anarushwa kwa chombo hadi nchi ambayo jina lake, ukilitamka polepole, linatuambia “wale ni sisi”. Filamu fupi ya Wanuri Kahiu, Pumzi, ya 2009, inaonyesha dunia iliyokaukiwa, ambamo watu huchuja jasho lao wapate maji ya kunywa. Wanafunzi wa Kitui, wanaojua thamani ya mtungi wa maji na bwawa la mchanga, hawahitaji kufafanuliwa. Hizo zifundishwe. Ila mimi sioni kwa nini kuzipenda kutuzuie kumdai Uhura, ambaye tayari amebeba jina letu kwa miongo kadhaa, likiwa na irabu iliyopotoka.

Basi wakiurudisha mfululizo wa Kirk, wenye kupenda vyombo na waangalie vyombo. Mimi nitasubiri Uhura afumbue kinywa kwa Kiswahili, nisikilize kama upatanisho wa ngeli umekaa sawa, na kama kuna mtu alimlipa Mkenya aupitie mswada. Yule msichana wa kidato cha pili ameniambia yeye atasikiliza kama kuna neno hata moja la Kikamba.