Zamu ya Maji: Bustani za Wafugaji Kando ya Ewaso Ng'iro

Msafiri atokaye mji wa Isiolo kwenda Merti huuvuka mto wa Ewaso Ng'iro penye daraja la Gotu. Nchi ya pande zote ni kavu: miiba, mawe na mchanga, na hapa na pale ngamia wakitafuna majani ya migunga. Lakini mtu wa nchi ile afikapo darajani hatazami migunga wala ngamia. Hutazama chini. Maji yakiwa mengi na rangi yake ni ya udongo, hujua ya kuwa mvua imenyesha huko juu, Mlima Kenya au milima ya Nyandarua, ambako mto huu huanzia. Mchanga ukiwa umetokeza, hujua pia. Habari hiyo humhusu mwenye mifugo, na humhusu zaidi yule mwenye bustani, maana ng'ombe aweza kuhamishwa, bali kitunguu hakihami.

Kwamba kuna bustani katika nchi hii ni jambo la kuwashangaza wageni wengi. Upande wa chini wa Gotu, katika Malka Daka na Merti, na mbali kidogo na mto huu katika Gafarsa na Rapsu, watu waliozaliwa katika maboma ya ng'ombe wamelima kwa maji ya mifereji mahindi, kunde, vitunguu, nyanya, matikiti na mapapai. Inafaa msomaji ajue jinsi kazi hiyo ilivyoanza, na ni elimu gani iliyoiwezesha kudumu.

JEMBE BAADA YA VITA

Wenyeji wengi wa sehemu hizo ni Waborana, ambao huitwa Waborana wa Waso kwa jina la mto wenyewe. Mali yao tangu zamani ilikuwa ng'ombe, ngamia, mbuzi na kondoo, na heshima ya mtu ilionekana zizini mwake. Kushika jembe hakukuwa jambo la kutamaniwa.

Mambo yaligeuka mara baada ya Kenya kupata uhuru mnamo Desemba 1963. Vita vilivyoitwa vya Shifta viliwaka katika nchi ya kaskazini, vikaendelea hata mwaka 1967, Kenya na Somalia zilipopatana mjini Arusha mwezi wa Oktoba. Katika miaka hiyo watu wa Isiolo walikusanywa katika vijiji vilivyolindwa, kama Garba Tula na Merti, wasiweze kuyafuata malisho. Wanyama wengi walikufa kwa kukosa majani, wengine waliuawa, wengine walichukuliwa. Vita vilipokwisha, jamaa nyingi zilizokuwa na makundi makubwa hazikubakiwa na hata mbuzi wa kukamua. Mtaalamu mmoja wa Sweden, Gudrun Dahl, alikaa na watu hao na kuandika habari zao katika kitabu kilichotoka mwaka 1979.

Tena ukame wa miaka ya 1970 ukaja juu ya msiba huo. Ndipo serikali, kwa msaada wa mashirika ya Umoja wa Mataifa, ilipostawisha mashamba ya kumwagilia maji, na maskini wa mifugo wakapewa vipande vya ardhi. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa hawakuwa wageni, walikuwa wenyeji katika nchi yao, lakini jembe walipewa vivyo hivyo.

ELIMU YA KISIMANI

Wengi walidhani kwamba mfugaji hataweza. Walisema hajui kupanda kwa mistari, hajui kupalilia, na hatavumilia kukaa mahali pamoja. Ni kweli kwamba kupanda na kupalilia kulikuwa kugeni kwa wengi, na mabwana shamba walikuwa na kazi ya kuwafundisha. Lakini bustani ya nchi kavu haisimami kwa mbegu peke yake. Husimama kwa kugawana maji, na katika jambo hilo Mborana si mwanafunzi.

Katika nchi ya Waborana, Kenya na Uhabeshi, viko visima virefu ambavyo maji yake hupandishwa kwa mikono. Vijana husimama ngazi kwa ngazi ndani ya kisima, wakipokezana ndoo kutoka chini hata juu huku wakiimba, mpaka birika la kunyweshea lijae. Kazi hiyo haiwezekani kwa mtu mmoja, wala kwa watu wasiopatana. Kwa hiyo kila kisima kina mtu aitwaye aba herega, maana yake baba wa zamu. Yeye husema ni mifugo ya nani itakunywa leo, ya nani kesho, na ya nani kesho kutwa. Anayeivuruga zamu hujibu mbele ya wazee, hata akiwa tajiri wa ngamia.

Mfereji wa bustani una sheria ile ile. Maji yakiingia kutoka mtoni hupita kwanza penye shamba la mtu wa juu. Huyo akifungua lango lake usiku na mchana, shamba lake litakuwa ziwa, na la mwenziwe wa mwisho litakuwa vumbi. Hapana budi pawe na mtu wa kusema: leo maji ni yako, kesho si yako. Kamati ya wenye bustani na baba wa zamu ni jambo moja lenye majina mawili.

KAZI YA CHAMA

Kugawa maji si kazi pekee ya chama cha bustani. Mto huu hubeba tope jingi, na kila mafuriko huziba mdomo wa mfereji. Lazima watu watoke wote na majembe na makarai kuusafisha kabla ya msimu wa kupanda. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe, wala hauzibui mfereji.

Tena kuna ua. Mbuzi mmoja akipenya huweza kumaliza katika asubuhi moja kazi ya miezi miwili, na ndovu akija usiku hahitaji mlango. Kuna mathenge, mti wa miiba ulioletwa Kenya kutoka nchi za ng'ambo ili kuzuia jangwa, nao sasa huenea upesi penye maji na kufunga njia. Na kuna adui asiyeonekana, yaani chumvi. Katika nchi ya jua kali, maji yakimwagwa kupita kiasi pasipo njia ya kutoka, hukauka juu ya ardhi na kuacha chumvi yake, na baada ya miaka kadhaa udongo hukataa mbegu. Kwa hiyo mwenye pupa ya maji hujiharibia mwenyewe kabla ya kumharibia jirani.

Faida ya bustani hizi isitiwe chumvi ya maneno. Hazikuwatajirisha watu. Mahali palipotegemea mitambo ya dizeli, gharama ya mafuta na vipuri ilikuwa mzigo mzito, na wako wataalamu walioonya kwamba fedha zilizotumika kwa kila shamba zingaliweza kununua mifugo mingi. Hata baada ya ukame wa mwaka 1984 mashirika ya misaada yaliwagawia mbuzi na kondoo baadhi ya watu wa Isiolo waliofilisika, ili waanze upya.

Lakini wenyeji wenyewe hawakuona kwamba lazima mtu achague moja. Walilima ili wale, wakauza vitunguu ili wanunue mbuzi, na mbuzi wakawa ng'ombe kadiri Mungu alivyojalia. Wengine walirudi malishoni wakawaachia ndugu zao shamba. Bustani ilikuwa kwao akiba ya mwaka mbaya, si talaka ya ufugaji. Mwenye kuelewa hilo hatawacheka.

WALIO JUU NA WALIO CHINI

Shida iliyo kubwa kuliko zote haimo bustanini. Iko upande wa juu wa daraja la Gotu. Pande za Nanyuki na Timau, chini ya Mlima Kenya, wakulima wameongezeka sana, wakubwa kwa wadogo, na wote huvuta maji kutoka vijito vinavyoulisha Ewaso Ng'iro. Baadhi yao hupanda maua na mboga za kupelekwa Ulaya kwa ndege.

Wataalamu wanaopima mto penye Archer's Post waliona kwamba katika mwezi wa Februari, ambao ni wa kiangazi, maji yaliyopita pale miaka ya 1960 yalikuwa kwa wastani kama mita 9 za ujazo kila sekunde. Katika miaka ya 1990 yalikuwa kama mita 1 tu. Mara kadhaa kati ya mwaka 1984 na 2000 mto ulikauka kabisa katika sehemu zake. Na maji yanaporudi huweza kurudi kwa hasira: mwezi wa Machi 2010 mafuriko yalizikumba kambi za watalii katika hifadhi ya Samburu.

Sheria ya Maji ya mwaka 2002 ilitoa njia moja ya kulishughulikia jambo hili, nayo ni jumuiya za watumiaji wa maji. Watu wa kijito kimoja, mwenye shamba kubwa na mwenye kishamba, mfugaji na mtu wa mjini, hukutana, hupima maji yaliyopo, na wakati wa kiangazi hukubaliana siku za kufungua na siku za kufunga. Sheria ya mwaka 2016 iliziendeleza jumuiya hizo.

Msomaji atatambua kwamba hilo si jambo jipya. Ni zamu. Ni ule ule uamuzi wa aba herega, ila kisima kimekuwa kirefu kuliko kawaida: mdomo wake uko penye theluji ya Mlima Kenya, na birika lake la mwisho ni kinamasi cha Lorian. Aliye juu hamjui aliye chini kwa sura, na hapo ndipo penye hatari, maana ni rahisi kumdhulumu mtu usiyemwona.

Wahenga walisema, achanikaye kwenye mpini hafi njaa. Watu wa Waso wameushika mpini, na hawakuuachia vita vilipowaondolea mali wala ukame ulipowarudia. Lakini mpini hauzai maji. Siku mchanga utakapotokeza tena chini ya daraja la Gotu, mwenye bustani wa Merti atakuwa amekwisha kusafisha mfereji wake na kungoja zamu yake. Litakalobaki ni kwa wale wa juu kukumbuka kwamba nao wamo katika orodha ile ile ya zamu.