Kuwapiga Picha Wadudu Wenye Hadhari

Wengi waanzao kazi ya kuwapiga wadudu picha za karibu huitakidi kwamba kinachowashinda ni wepesi wa wadudu wenyewe, na kwa itikadi hiyo huenda madukani kutafuta kamera yenye kasi zaidi, ilhali wadudu wa bustanini aghalabu hupitisha sehemu kubwa ya siku wametua juu ya jani, ndani ya ua au chini ya gome, na kiwaondoacho hapo ni kumwona mpiga picha, au kumhisi, kitambo kabla yeye hajawaona. Bustani ya uani ya nyumba ya kawaida ya Unguja au Tanga, yenye mdimu mmoja, mpera, mirehani kandokando ya ukuta na matuta mawili ya mibilingani, ina wadudu wa kumshughulisha mtu miaka mingi. Alihitajilo kwanza ni kujua yeye mwenyewe huonekanaje machoni mwao.

Jicho la mdudu ni mkusanyiko wa vijicho vingi, kila kimoja kikielekea upande wake, na jicho moja la kerengende mkubwa huweza kuwa navyo karibu 30,000. Jicho la namna hiyo halitambui sura kwa uwazi kama letu, lakini katika kutambua mwendo sisi hatumo kabisa: taa iwakayo na kuzimika mara 60 katika sekunde moja, kwetu ni nuru iliyotulia, ilhali nzi huweza kuzipambanua wako na zimo zake hata zikipita 200. Ndiyo maana mkono tuuinuao kwa haraka, yeye huuona tangu ulipoanza kuinuka. Basi mwenye busara humwendea mdudu kwa mstari mmoja ulionyooka, polepole, kwa kuwa kiumbe apitaye ubavuni huvuka mbele ya vijicho vingi kwa mara moja, ilhali ajaye moja kwa moja huonekana akikua kidogo kidogo tu. Na zaidi ya yote hujihadhari kivuli chake kisimwangukie.

Rangi ya nguo haina uzito ambao watu huipa. Karl von Frisch, katika majaribio aliyoyatangaza mwaka 1914, alithibitisha kwamba nyuki huona rangi, isipokuwa nyekundu, ambayo kwake ni kiza tu. Kwa hiyo shati jekundu halimbughudhi kama kiwiko kinachogusa shina la mmea, maana mtikisiko husafiri katika shina na kumfikia miguuni, na pumzi zetu za joto humpata kwenye vipapasio.

Vunjajungu anastahili neno lake peke yake. Katika kila jicho lake huonekana nukta nyeusi ifuatayo kamera popote iendapo, na mgeni wa sanaa hii huapa kwamba mdudu anamkazia macho. Nukta ile si mboni. Ni vile vijicho vinavyotuelekea sisi kwa wakati ule, ambavyo nuru iingiayo humo humezwa isirudi. Tukisogea, vijicho vingine hushika zamu, na nukta huhama. Faida yake kwa mpiga picha ni kubwa, kwani kwa kuipeleka kamera kidogo kulia au kushoto huweza kuiweka nukta ile apendapo, na kwa hila hiyo akampa vunjajungu mtazamo wa kuuliza, wa dharau au wa ghadhabu, naye mwenyewe hana habari.

Tukija katika ala, picha huwa ya makro kwa maana yake kamili pale taswira iangukayo juu ya sensa ya kamera inapokuwa na ukubwa ule ule wa mdudu mwenyewe, yaani nyuki wa milimita 12 akachukua milimita 12 katika sensa yenye upana wa milimita 36. Kufika hapo kuna gharama mbili. Lenzi ikisogezwa mbele hata ikafikia kipimo hicho, nuru ifikayo ndani hubaki robo. Na mahali panapoonekana wazi hupungua unene wake kiasi kwamba, kwa tundu la f/8, hapafiki milimita moja, hata jicho likawa safi na ubawa ukawa tayari umo ukunguni. Mtu akilibana tundu mpaka f/22 unene ule huongezeka kidogo, lakini nuru hutawanyika katika kupita upenyo mwembamba, na picha nzima ikapoteza makali yake. Kwa rai yangu f/11 ni suluhu ya haki, bora kamera iwekwe sambamba na mwili wa mdudu, na fokasi ishikwe kwa kuyumbisha kiwiliwili mbele na nyuma badala ya kuiachia mashine ichague.

Upungufu wa nuru hulipwa na taa ya flashi, ambayo ikiwashwa kwa nguvu ndogo mmweko wake huwa mfupi kuliko sehemu moja ya 10,000 ya sekunde, na hapo hata jani litikiswalo na upepo wa kusi huonekana limesimama. Kwa mimweko mifupi kama hiyo Mwingereza Stephen Dalton aliwapiga picha wadudu wakiruka hewani katika miaka ya 1970. Lakini flashi isiyofunikwa humgeuza kombamwiko kuwa kipande cha bati; karatasi nyeupe au plastiki nyepesi mbele yake hutosha. Asiye na fedha za lenzi ya makro achukue lenzi yake ya milimita 50, aitie pete za kurefusha za milimita 50 nyingine, naye atapata ukubwa ule ule, ila itamlazimu amsogelee mdudu mno.

Vitabu vya Ulaya husisitiza alfajiri, mdudu akiwa amepooza kwa baridi. Hapa pwani, ambapo joto la usiku ni nadra kushuka chini ya nyuzi 20 za Selsiasi, wasia huo hufaa kidogo wakati wa kipupwe, na wakati wa kaskazi haufai kitu. Wakati wetu ni baada ya magharibi. Wako nyuki waishio peke yao, wenye mistari ya samawati tumboni, ambao madume yao hulala nje wameuma kijiti kwa taya, miguu ikining'inia, nao mchana huwezi kuwasogelea. Hao, pamoja na wale nyuki weusi wakubwa watoboao boriti, ndio watikisao ua la mbilingani kwa mvumo wa kifua mpaka chavua ikamwagika kupitia vitundu vyake, kazi ambayo nyuki wa asali haiwezi. Kwa hiyo mwenye kuwataka wakiwa macho akae mbele ya mbilingani uliochanua na kungoja.

Mdimu nao una kipepeo mkubwa mweusi mwenye mabaka ya manjano, ambaye kiwavi wake mchanga hufanana na kinyesi cha ndege hata mtu akampita mara nyingi bila kumtambua, na akiisha kukua huwa kijani, akiguswa hutoa nyuma ya kichwa pembe mbili laini zenye harufu kali. Na majimoto, washonao majani ya mwembe kwa hariri ya watoto wao, hawakimbii kamera bali huijia. Michael Way aliwachunguza Unguja katika miaka ya 1950, nao ni walinzi wa minazi dhidi ya mdudu afyonzaye vidaka hata vikapukutika, ambaye katika jina lake la kitaalamu, Pseudotheraptus wayi, limo jina la mchunguzi huyo.

Wako watiao wadudu katika friji ili wapate kuwapanga watakavyo juu ya ua. Kitendo hicho sikioni kuwa ni ufundi, na ajuaye wadudu huitambua picha hiyo bila kuambiwa: vipapasio vimelala, kucha hazikulishika jani, na matone ya maji yamemwenea mdudu mgongoni kana kwamba ni umande, ilhali jua la adhuhuri linawaka nyuma yake.